Hatua Zinaanzia Mkononi

Desemba 1891, James Naismith alibandika sheria 13 za mpira wa kikapu kwenye ubao wa matangazo wa jumba la mazoezi la Springfield, Massachusetts. Nyingi kati ya sheria hizo zingeweza kubadilishwa na mchezo ukabaki ule ule, na kweli zilibadilishwa. Sheria ya tatu ilikuwa ya aina nyingine. Ilimkataza mchezaji kukimbia na mpira na kumtaka aurushe kutoka pale pale alipoudakia. Naismith, Mkanada aliyezaliwa Almonte, Ontario, mwaka 1861, alikuwa mwalimu katika chuo cha YMCA. Mkuu wake, Luther Gulick, alikuwa amempa wiki mbili abuni mchezo wa ndani kwa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya majira ya baridi. Naismith alikwisha kujaribu kuiingiza ndani michezo ya nje, na vijana wakaumizana. Ndipo akajiuliza kwa nini wachezaji wa raga hukamatana na kuangushana, akaona ni kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Mbio zikiondolewa, haja ya kumwangusha mtu nayo inaondoka. Kwa vijana waliokuwa wakicheza juu ya sakafu ngumu, hilo lilikuwa suala la mifupa yao.

Ninaanzia hapo kwa sababu watu wamesahau sheria hii iliwekwa kumlinda nani. Kosa la kutembea na mpira husimuliwa kama jambo la hesabu: hatua moja, mbili, na ya tatu refa apulize kipenga. Asipopuliza, husemwa kwamba ama hajui kuhesabu au ameamua kufumba macho. Kutokana na fikra hiyo kumezuka simulizi maarufu kwamba zamani sheria ilikuwa ngumu na safi, kisha marefa, hasa wa ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, wakailegeza mwaka hadi mwaka mpaka nyota wakaanza kutembea na mpira watakavyo. Historia ya sheria yenyewe inapingana na simulizi hiyo. Tangu siku ya kwanza refa alitakiwa kuamua mambo mawili: mpira umekuwa mali ya mchezaji lini, na je, baada ya hapo mlinzi amenyimwa nafasi ya haki ya kumzuia bila kumshika? Hatua huhesabiwa baada ya maswali hayo kujibiwa. Na mara nyingi maandishi ya sheria yaliporekebishwa, yaliyafuata yale ambayo miguu ya wachezaji na vipenga vya marefa vilikwisha kukubaliana uwanjani.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya sheria ile ile ya tatu. Naismith hakuishia kwenye katazo. Aliongeza kwamba mtu aliyeudaka mpira akiwa katika mbio kali aachiwe nafasi, mradi anajaribu kusimama. Hakutaja idadi ya hatua. Refa wa 1892, mwaka ambao sheria hizo zilichapishwa kwenye gazeti la chuo, alipaswa kupima kwa jicho kasi ya mchezaji, halafu apime nia yake: anajitahidi kusimama, au anajifanya? Wakati huo huo adhabu ilikuwa kali kuliko yoyote tunayoijua leo. Kukimbia na mpira kulihesabiwa kuwa madhambi, sawa na kuupiga mpira kwa ngumi, na upande uliofanya madhambi matatu mfululizo, mpinzani akiwa hajafanya hata moja, ulimpa mpinzani huyo goli. Basi tangu mwanzo adhabu ilikuwa ngumu na maelezo ya kosa yalikuwa mapana, na sababu yake ni ya kimaumbile. Mwili wa binadamu ukiwa mbioni hausimami papo hapo. Lazima mguu mwingine utue, na pengine mwingine tena, ndipo uzito wote utulie. Sheria ambayo ingedai mtu asimame palepale mpira unapogusa vidole vyake ingevunja vifundo vya miguu, na Naismith alikuwa akitafuta mchezo usiovunja watu.

Atakayesema kwamba upana ule ulikuwa uchanga tu wa sheria, nao ungezibwa mchezo ukikomaa, ana hoja ya kusikilizwa, maana majaribio ya kuuziba yalifanyika kweli. Wachezaji hawakukaa kimya mbele ya katazo la kukimbia. Mchezaji aliyebanwa na walinzi, asiye na mwenzake wa kumpa pasi, aligundua kwamba anaweza kuuachia mpira kwa makusudi, aurushe juu kidogo au auviringishe chini, kisha aukimbilie mwenyewe. Mpira ukiwa nje ya mikono yake hakuwa anakimbia nao. Punde si punde wakaanza kuudundisha, ingawa mipira ya siku zile ilishonwa kwa kamba na haikudunda sawasawa. Chuo Kikuu cha Yale hutajwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kugeuza udundishaji kuwa silaha ya kushambulia, katika miaka ya 1890. Watunga sheria waliutazama kwa mashaka na kuuwekea mipaka. Kwa miaka kadhaa aliyedundisha hakuruhusiwa kufunga yeye mwenyewe, na katika michezo ya vyuo kizuizi hicho kiliondoka msimu wa 1908-09. Upande wa wanawake, chini ya Senda Berenson aliyeupeleka mchezo huu Chuo cha Smith mwaka 1892, kiwanja kiligawanywa sehemu tatu na mchezaji hakuvuka sehemu yake. Udundishaji ulibanwa kwa idadi kwa miongo mingi, na sheria za wanawake za Marekani ziliuachia huru mwaka 1966. Huo ndio mfano wa wazi kuliko yote wa kuuongoza mchezo kwa kuhesabu, na haukudumu.

Jaribio lililokaribia zaidi kufaulu ni la 1927. Kamati ya pamoja ya sheria za mpira wa kikapu Marekani ilipitisha kwamba mchezaji adundishe mara moja tu, basi. Pendekezo lilitoka kwa Walter Meanwell, kocha wa Wisconsin, aliyeamini katika pasi fupi za haraka na kuuona udundishaji kama ubinafsi uliopewa ruhusa. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ikiwa mchezo ulizaliwa kwa kukataza mtu kukimbia na mpira, anayedundisha uwanja mzima amefanya nini zaidi ya kukimbia nao kwa njia ya mzunguko? Waliompinga walikuwa wazito. Nat Holman wa New York alisimama dhidi ya uamuzi huo, na Forrest Allen wa Kansas, aliyekuwa mwanafunzi wa Naismith, akawakusanya makocha kuupinga. Uamuzi ulifutwa, na kutokana na vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha taifa cha makocha wa mpira wa kikapu mwaka huo huo. Watu hukumbuka tukio hili kama ushindi wa burudani. Mimi naona ndani yake jibu la haki kwa swali la Meanwell. Mpira unaodunda ni mpira ulioachiwa: kila unapoondoka mkononi, mlinzi ana nafasi ya kuunyakua bila kumgusa mwenye nao. Anayedundisha analipia mbio zake kwa kuuweka mpira hatarini, na anayekimbia ameukumbatia halipi chochote. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa sheria ya tatu, na haihitaji idadi ya midundo ili isimame.

Miaka tisa baadaye hali ya hewa ilifanya jaribio ambalo hakuna kamati iliyolipanga. Mpira wa kikapu ulichezwa kwa mara ya kwanza kama mchezo rasmi wa Olimpiki mjini Berlin mwaka 1936, Naismith mwenyewe akiwapo. Viwanja vilikuwa vya tenisi, vya udongo na mchanga, nje kabisa. Fainali kati ya Marekani na Kanada ilichezwa kwenye mvua, uwanja ukageuka tope na mpira ukakataa kudunda. Marekani ilishinda 19-8. Bila mdundo na bila mbio, mwenye mpira alibaki kusimama na kutafuta wa kumpa, na pointi zote za pande mbili zikawa 27. Mvua na utelezi navyo vilichangia uchache huo, sikatai. Hata hivyo mechi ile inaonyesha mchezo ungekuwa wa namna gani kama sheria ya tatu ingeshikwa kwa herufi zake bila ile nafasi ambayo wachezaji waliivumbua na marefa wakaikubali. Ni mchezo halali kabisa, ila umeganda.

Kilichobaki ni suala la kusimama, na hapa ndipo kazi ya refa ilipo hadi leo, kwa hiyo inafaa tukae kidogo. Mchezaji aliyesimama na mpira ana mguu mmoja wa egemeo. Akiudaka mpira miguu yote miwili ikiwa chini, anaweza kuchagua wowote. Anapoinua mmoja, uliobaki umekuwa egemeo. Anaruhusiwa kuzunguka juu ya mguu huo mara nyingi apendavyo, upande wowote. Akitaka kupasi au kufunga, anaweza kuuinua, lakini mpira uwe umetoka mikononi kabla mguu haujarudi chini. Akitaka kuanza kudundisha, masharti ni makali zaidi: mpira uondoke mkononi kabla mguu wa egemeo haujainuka. Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyedaka mpira wa miguu na kucheza mpira wa mikono kabla ya kujiunga na Houston Rockets mwaka 1984, alijenga sifa yake kwa kiasi kikubwa juu ya maneno hayo machache. Bega lilikwenda kushoto, kichwa kikaenda kulia, mlinzi akaruka, na wakati wote huo ncha ya kiatu kimoja ilikuwa imeganda pale pale sakafuni. Watazamaji waliofuata mabega yake waliona mtu anayetembea, ilhali refa aliyefuata kiatu aliona mtu aliyesimama. Ndiyo maana kila anayefundisha uamuzi humwambia mwanafunzi wake autafute mguu wa egemeo mara tu mpira unapodakwa, na kwamba asiyeuona mguu huo hana haki ya kupuliza. Kosa lililokisiwa ni baya kuliko kosa lililopita, kwa sababu la kwanza limeundwa na refa mwenyewe.

Kwa mchezaji aliye mbioni, sheria za baadaye ziliipa ile nafasi ya Naismith kipimo: mapigo mawili ya mwendo, kisha asimame, apasi au afunge. Kipimo hicho ndicho kilicholeta imani kwamba sasa kosa limekuwa hesabu. Lakini hesabu yoyote ina mahali pa kuanzia, na mahali pa kuanzia hapa ni tukio lisiloonekana miguuni hata kidogo. Hesabu inaanza mpira unapodhibitiwa. Kuguswa kwa mpira hakutoshi kuwa kudhibitiwa. Mpira unaoparazwa na vidole, unaorukaruka kati ya viganja viwili, au ambao mkono uko juu yake ukiendelea kuusukuma chini, bado haujawa mali ya mtu. Kwa hiyo refa anatakiwa kusoma mikono na miguu kwa pamoja, vitu viwili vilivyo mbali mwilini, katika sehemu ya sekunde, kukiwa na walinzi wanaokatiza mbele yake. Uwanja wenye marefa watatu, kama NBA ilivyoamua kwa kudumu kuanzia msimu wa 1988-89, unampa mmoja wao pembe nzuri zaidi, lakini haumwondolei mzigo wa kuamua. Anayedai hesabu kali anadhani ameiondoa hukumu ya binadamu, kumbe ameihamisha tu kutoka hatua ya mwisho hadi ile ya kwanza na kuificha huko.

Kwa muda mrefu NBA iliishi na pengo kati ya maandishi na kipenga. Kitabu kiliendelea kuzungumza juu ya mapigo mawili kwa lugha iliyosomwa kwa namna nyingi, wengine wakiitafsiri kuwa hatua moja tu, huku uwanjani marefa wakiruhusu mbili baada ya mpira kukusanywa. Mwaka 1989 Šarūnas Marčiulionis, Mlithuania aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul na timu ya Umoja wa Kisovieti mwaka uliotangulia, alijiunga na Golden State Warriors akaja na hatua mbili zisizofuatana kwa mstari mmoja: ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, mlinzi akibaki katikati. Baadaye Manu Ginóbili wa Argentina akaifanya mbinu hiyo ijulikane duniani kote akiwa na San Antonio Spurs. Wengi walioiona mwanzoni walisema hilo ni kosa. Hakuna kifungu kilichosema hatua mbili halali lazima zielekee upande mmoja. Macho yao yalikuwa yamezoea mwendo fulani, na mwendo usiozoeleka wakauita haramu. Refa aliyenyamaza pale alikuwa mwaminifu kwa sheria kuliko umati uliompigia kelele.

Mwaka 2009 NBA iliandika upya kifungu hicho na kusema waziwazi kwamba mchezaji anayepokea mpira akiwa mwendoni, au anayemaliza kudundisha, anaweza kupiga hatua mbili katika kusimama, kupasi au kufunga. Ligi ilieleza kwamba haibadilishi namna ya kuamua, inaandika kile ambacho marefa wake walikuwa wakikifanya tayari. Ilishambuliwa sana kwa hilo, na shutuma kubwa ilikuwa kwamba imehalalisha uvunjaji kwa sababu ya fedha: watazamaji wanataka kuona mipira ikizamishwa kikapuni, basi sheria imepinda. Sidhani shutuma hiyo ipuuzwe. Ligi ya kulipwa inaishi kwa tiketi na televisheni, na ingekuwa ajabu kama hilo halikugusa maamuzi yake. Lakini tuupime uamuzi wenyewe kwa kusudi la sheria. Mlinzi anayemkabili mtu anayekwenda kufunga kwa hatua mbili anajua hizo mbili zinakuja. Anaweza kujipanga mbele yake, kuruka naye, au kumsubiri pale atakapotua. Hajalazimika kumkamata. Nafasi aliyomwekea Naismith bado anayo, na kifungu kinachosema ukweli kuhusu hatua mbili kinamsaidia kuliko kile kilichomwachia kubahatisha. Sheria iliyoandikwa namna moja na kuamuliwa namna nyingine inamdhuru zaidi anayeisoma kwa uaminifu, mara nyingi kijana wa mbali aliyejifunza kutoka kitabuni, halafu akakutana uwanjani na wenzake waliojifunza kwa kutazama.

Kuna shutuma ya pili, nayo ni nzito zaidi: kwamba nafasi ya hukumu ndiyo mlango wa upendeleo, na kwamba nyota hupewa hatua ambazo mchezaji wa kawaida hapewi. Ni kweli kwamba mahali popote penye hukumu, upendeleo unaweza kuingia. Tukio moja huwa linarudi katika mjadala huu. Januari 4, 2009, LeBron James, wakati huo wa Cleveland Cavaliers, alipulizwa kwa kutembea na mpira zikiwa zimebaki sekunde 2.3 dhidi ya Washington Wizards, na timu yake ikapoteza 80-77. Baada ya mechi alijitetea kwa kuupa mwendo wake jina, akiuita udundishaji wa kaa. Tukio moja halithibitishi kwamba hakuna upendeleo, na silitumii hivyo. Linaonyesha jambo dogo zaidi: refa anaweza kupuliza dhidi ya mchezaji mashuhuri kuliko wote, katika sekunde za mwisho, na sauti ya dunia ikaanza kumshambulia yeye badala ya mwendo uliopulizwa. Dawa ya upendeleo ni kipimo kinachoweza kuulizwa mbele ya watu. Refa akiulizwa kwa nini hakupuliza, aweze kusema mpira ulidhibitiwa wakati gani na mguu upi ulitua baada ya hapo. Jibu la namna hiyo linaweza kukaguliwa na kukosolewa. Jibu la kwamba alihesabu hatua mbili halimsaidii mtu yeyote, maana mkosoaji naye atasema alihesabu tatu.

Oktoba 1, 2017 shirikisho la kimataifa, FIBA, lililoanzishwa Geneva mwaka 1932, lilianza kutumia tafsiri iliyoukaribia zaidi mtindo wa NBA. Mguu ulioko sakafuni wakati mchezaji anapoudhibiti mpira akiwa mwendoni haukuhesabiwa tena. Hatua ya kwanza ikawa ile inayotua baada ya hapo. NBA nayo ilifafanua maana ya kuukusanya mpira katika kitabu chake cha msimu wa 2019-20, baada ya msimu uliojaa ubishi juu ya mwendo wa kurudi nyuma kabla ya kufunga, ambao James Harden wa Houston Rockets aliufanya kuwa silaha yake kuu. Mabishano mengi juu ya Harden yalitokana na watazamaji kuanza kuhesabu mkono wake ulipougusa mpira, huku marefa wakianza kuhesabu mkono ulipoutuliza. Zilikuwepo pia mara ambazo alizidisha kweli na kipenga hakikulia, na hizo ni makosa ya marefa, si ya sheria. Nadhani mabadiliko ya 2017 yalikuwa sahihi kwa sababu yanaitamka wazi ile nafasi ya mtu aliye mbioni. Lakini yana gharama ambayo hakuna haja ya kuifumbia macho. Yanaweka uzito mkubwa zaidi kwenye mikono, mahali ambapo jicho la refa mwenye uzoefu mdogo halikuzoezwa kutazama. Refa aliyelelewa kutazama viatu anapewa sasa kazi ya kutazama kiganja, na mafunzo ya siku mbili kabla ya mashindano hayatoshi kubadili jicho. Shule za sekondari za Marekani zilibaki na sheria yao, inayosema kwamba mguu ulioko chini wakati wa kudaka unakuwa egemeo. Kwa hiyo kijana mmoja anaweza kuwa halali shuleni na mkosaji kwingineko, au kinyume chake, kwa mwendo ule ule. Katika hilo nakubaliana na wanaolalamika: tofauti hizi hazina faida kwa mtu yeyote.

Je, video isingeumaliza ubishi? Wengi wanaiamini kwa sababu kwenye skrini wanaona kila hatua. Tatizo ni lile lile la mwanzo. Picha iliyopunguzwa kasi inaonyesha miguu vizuri sana, lakini inauongeza muda wa mkono kuugusa mpira mpaka mguso mwepesi unafanana na kuushika. Mpira uliokuwa unapita kiganjani unaonekana umelala humo, na hesabu inaanza mapema kuliko ilivyopaswa. NBA ilipowapa makocha haki ya kupinga uamuzi, kuanzia msimu wa 2019-20, kutembea na mpira hakukuwekwa miongoni mwa mambo yanayoweza kupingwa. Naona busara katika hilo. Video ni mwalimu mzuri baada ya mechi, wakati marefa wanakaa pamoja na kuulizana mpira ulitulia wapi, wakiirudia picha kwa kasi ya kawaida kwanza. Kama hakimu wa papo hapo, ingetuletea hukumu za uhakika zilizojengwa juu ya mwanzo usio na uhakika.

Kuhusu kuanguka na mpira, vitabu viwili vikubwa bado havijakubaliana, na kutokubaliana huko kunaeleza mengi. Kwa FIBA, mchezaji akianguka na kuteleza sakafuni akiwa na mpira hajakosea, ila akibingirika au akijaribu kusimama nao, amekosea. Kwa NBA, aliyeanguka haruhusiwi kupata faida kwa kuteleza. Kimoja kinataja mwendo na kingine kinataja faida, lakini vyote viwili vinamfikiria mpinzani aliyesimama pembeni akingoja nafasi ya kuunyakua mpira. Mtu anayesema kwamba neno faida linampa refa mamlaka mno anapaswa kuona kwamba limekuwa ndani ya sheria muda mrefu, na halikuifuta. Halimpi refa ruhusa ya kuachia kosa la wazi. Mguu wa egemeo ulioinuka ukarudi chini mpira ukiwa bado mkononi ni kosa, iwe mlinzi yuko karibu au yuko upande wa pili wa uwanja. Kusudi la sheria linamwongoza pale penye shaka ya kweli, hasa kuhusu mwanzo wa udhibiti.

Na kuna mahali ambapo shaka hiyo ni ndogo na ukali unastahili: mwanzo wa kudundisha. Mchezaji aliyesimama, mpira mkononi, mlinzi mbele yake, anapotaka kupita, sharti la mpira kuondoka kabla mguu wa egemeo haujainuka halijalegezwa na kitabu chochote kati ya hivi viwili. Hapa mpira umekwisha kuwa mali yake, hakuna mbio za kumsamehe, na anayekaribia kuibiwa ni mlinzi: hatua moja ya bure inamweka nyuma ya mpinzani wake kabla mpira haujagusa sakafu, naye anabaki na njia ile moja ambayo Naismith alitaka kuifunga, kumshika mtu. Marefa wa NBA wamekuwa wakiuachia mwendo huo mara nyingi, na wachezaji wa Marekani waliokwenda kwenye mashindano ya FIBA wamepulizwa kwa huo huo wakashangaa. Katika hilo shirikisho la kimataifa limesimama mahali sahihi. Marefa wa Afrika Mashariki wanafanya kazi chini ya sheria za FIBA, na tangu Mei 2021, ligi ya Afrika iliyoundwa na FIBA pamoja na NBA ilipoanza mjini Kigali, wanawaamua wachezaji waliolelewa na mitindo yote miwili katika mechi moja. Mchezaji aliyezoea uvumilivu wa NBA atalalamika akipulizwa kwenye hatua ya kwanza. Refa anaweza kumwonyesha kiatu, kisha amwonyeshe mpira uliokuwa bado kiganjani.